Ukakamavu, Nguvu na Ushupavu: Historia ya Plastiki Zilizotiwa Mseto wa Nyuzi Fupi

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa maandishi ya ufundi huyaona mepesi mno, hata asiyatilie shaka, ni neno "ngumu". Jiwe ni gumu, mtihani ni mgumu, mkate wa juzi ni mgumu, na mkono wa bahili nao ni mgumu. Katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara. Lakini tuchukue mfano wa mtumishi wa manispaa aliyepewa kufasiri hati ya zabuni ya vifuniko vya chemba, vile vya plastiki iliyotiwa nyuzi ambavyo siku hizi huwekwa mahali pa vile vya chuma vinavyoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Hati ya namna hiyo hutaka mambo manne: kifuniko kisichubuke upesi; kisibonyee gari likipita; kisivunjike chini ya uzito wa lori; na kisipasuke kikiangushwa. Mfasiri akiandika "kiwe kigumu" kwa yote manne, mwenye kiwanda aweza kuleta kifuniko kisichochubuka hata kidogo, nacho kikapasuka siku ya kwanza kitakapomponyoka kibarua, wala asiwe amevunja mkataba.

Katika makala hii tutayapa mambo hayo manne majina manne. Kutochubuka tutakuita ugumu. Kutopinda, yaani kukataa kubadili umbo mzigo unapoongezwa, tutakuita ukakamavu. Mzigo wa mwisho ambao kitu huweza kuubeba kabla ya kukatika tutauita nguvu, na kila mara tutataja kama ni nguvu ya kuvutwa, ya kukandamizwa au ya kupindwa. Na kiasi cha nishati ambacho kitu hukimeza kabla ya kupasuka tutakiita ushupavu. Tunajua kwamba neno "ukakamavu" limezoeleka zaidi katika gwaride kuliko katika karakana, na kwamba "ushupavu" ni sifa ya mtu kabla ya kuwa sifa ya kitu. Hilo si dosari. Historia tutakayoieleza ni historia ya watu waliolazimika kuzitenga sifa hizi moja moja, kwa kuwa vitu walivyovitengeneza vilikataa kuzitii zote kwa pamoja.

Yafaa tukumbuke kwamba wenye lugha za Ulaya nao hawakuzaliwa na tofauti hizi midomoni. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni yake kwamba kurefuka kwa springi hulingana na kani inayoivuta. Naye Thomas Young, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1807, akatoa wazo la kipimo cha unyumbufu ambacho hata leo huitwa kwa jina lake. Hata hivyo, mafundi wa Kiingereza waliendelea kutumia maneno mawili ya kawaida kwa kupokezana, mara hili mara lile, kwa kutaja kani iliyomo ndani ya kitu na kwa kutaja badiliko la umbo linaloletwa na kani hiyo. Ni katika miaka ya 1850 ndipo William Rankine, mhandisi wa Uskoti, alipoyatenga na kulipa kila moja kazi yake. Hakubuni neno jipya. Aliyachukua maneno ya mtaani akayawekea mipaka. Sisi tutatumia "mkazo" kwa kani iliyogawanywa kwa eneo, na "mnyumbuko" kwa badiliko la urefu lililogawanywa kwa urefu wa awali. Ukakamavu, basi, ni mkazo uliogawanywa kwa mnyumbuko, na kipimo chake kwa vitu vingi tutakavyovitaja ni gigapaskali.

Wazo la kutia nyuzi katika kitu chepesi kupasuka halikuanza na plastiki. Fundi wa dari za jasi mjini Dar es Salaam hutandaza katani ndani ya uji wa jasi kabla haujakauka, kwa sababu anajua kwamba jasi peke yake hupasuka hata kabla ya kupandishwa juu. Nyuzi za katani haziifanyi jasi iwe ngumu zaidi. Ukiikwaruza kwa ukucha utaona ni ile ile. Zinachofanya ni kuushika ufa usiendelee. Fundi huyo anazitenga sifa mbili kwa mikono yake, ingawa mdomoni mwake zote huenda zikaitwa "uimara".

Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemia ilikuwa na udhaifu huo huo wa jasi. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliomba hataza yake mwaka 1907, na mwaka 1909 akaitangaza Bakelite mbele ya wanakemia wenzake. Utomvu ule ulipoiva kwa joto ulikuwa mgumu na mkakamavu, lakini ulivunjika kama kigae. Kwa hiyo viwanda viliuchanganya na unga wa mbao. Na palipotakiwa kitu cha kustahimili pigo, vikatia vipande vya pamba au vya kitambaa kilichochanwa. Na palipotakiwa kustahimili moto, asbesto. Hapo tayari tunaona nyuzi fupi za aina zaidi ya moja zikitiwa katika plastiki ya ukoo mmoja, kila aina kwa haja yake. Asbesto baadaye ilithibitika kuwa chanzo cha saratani, na nchi nyingi zikaipiga marufuku, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwao tangu mwaka 2005. Pamba ilidumu kwa muda mrefu mahali ambapo wengi hawakuitarajia: ganda la gari Trabant, lililoundwa Zwickau katika Ujerumani ya Mashariki kuanzia mwaka 1957 hadi 1991, lilikuwa la utomvu wa jamii ile ile ya Bakelite uliotiwa mabaki ya pamba kutoka Urusi ya Kisovieti. Watu walilidhihaki gari hilo, lakini ganda lake halikuota kutu.

Huko Uingereza, A. A. Griffith alikuwa amekwisha kueleza, katika makala iliyochapishwa mwaka 1921, kwa nini kioo huwa dhaifu kuliko hesabu za nadharia zinavyotabiri. Alionyesha kwamba nyufa ndogo ndogo ndizo zinazokivunja, na kwamba kadiri uzi wa kioo unavyokuwa mwembamba ndivyo nguvu yake inavyopanda, kwa kuwa hauna nafasi ya kuficha ufa mkubwa. Ugunduzi huu wapaswa kuwashangaza wanaodhani kwamba kioo ni mfano wa udhaifu. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walipata njia ya kutengeneza nyuzi za kioo kwa wingi, na mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning kwa kazi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyuzi hizo zilitiwa katika utomvu ili kutengeneza vifuniko vya rada za ndege. Baada ya vita zikafika kwenye maboti. Wavuvi wa pwani yetu husema "boti ya faiba", ingawa faiba ni nyuzi tu na sehemu kubwa ya boti ni utomvu. Lakini Waingereza nao hufanya hivyo hivyo, wakakiita kitu kizima kwa jina la sehemu yake. Kwa mazungumzo ya bandarini hatuoni sababu ya kumsahihisha mtu. Katika taarifa ya maabara, nyuzi ziitwe nyuzi, na plastiki inayozishika iitwe kishikizi.

Nyuzi za boti ni ndefu. Ndoo, feni, vishikio vya milango na sehemu nyingi za injini hutengenezwa kwa mashine inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, na humo haiwezekani kupitisha uzi mrefu. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia katika plastiki za kuyeyuka nyuzi za kioo zilizokatwa vipande vifupi. Swali likazuka: je, uzi uliokatwa huko na huko unasaidia nini, iwapo ncha zake hazikushikwa na chochote?

Jibu lilitoka kwanza kwa mtafiti wa karatasi. Mwaka 1952 H. L. Cox alichapisha hesabu za unyumbufu na nguvu za karatasi na vitu vingine vya nyuzi. Alieleza kwamba mzigo huingia katika uzi mfupi kupitia ubavuni mwake, kwa msuguano na mshikamano wa kishikizi, si kupitia nchani. Ncha hazibebi kitu, na mkazo huongezeka kadiri tunavyoelekea katikati. Mwaka 1965 Kelly na Tyson wakatoa hesabu iliyo rahisi zaidi: upo urefu ambao uzi ukipungukiwa nao hauwezi kukatika kwa kuvutwa, kwani utachomoka kwanza. Urefu huo tunapendelea kuuita urefu wa kizingiti. Huupata mtu kwa kuzidisha nguvu ya uzi kwa unene wake, kisha kugawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshikamano. Tuchukue uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.01 na nguvu ya megapaskali 2000, katika plastiki inayoushika kwa megapaskali 20. Kizingiti chake ni nusu milimita. Na hata uzi wenye urefu huo barabara hutumia, kwa wastani, nusu tu ya nguvu zake. Bahati mbaya ni kwamba parafujo ya mashine huzivunja nyuzi zinapopita, na aghalabu nyuzi za kioo zinazokutwa ndani ya kitu kilichokwisha kutoka kwenye kalibu huwa karibu na kizingiti hicho au chini yake.

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapoacha kuwa ya maneno tu. Thomason na Vlug, walioshughulikia plastiki ya polipropilini yenye nyuzi za kioo na kuchapisha matokeo yao kuanzia mwaka 1996, walionyesha kwamba ukakamavu hupatikana karibu wote nyuzi zikifika nusu milimita tu, na kuzirefusha zaidi hakuongezi kitu cha maana. Nguvu huhitaji milimita kadhaa. Ushupavu dhidi ya pigo huhitaji urefu mkubwa zaidi ya huo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ushupavu hutokana na nyuzi kuchomoka: kila uzi unaoburutwa kutoka katika tundu lake humeza nishati, kama kigingi kinavyomchosha anayeking'oa. Tukiimarisha mno mshikamano wa uzi na plastiki, nguvu hupanda, lakini nyuzi hukatika badala ya kuchomoka, na ushupavu waweza kushuka. Mfasiri aliyeandika "plastiki hii imeimarishwa" amesema kweli na uongo kwa pumzi moja.

Mwelekeo wa nyuzi nao una neno lake. Plastiki ya polipropilini peke yake ina ukakamavu wa gigapaskali 1.5 hivi, na kioo 72 hivi. Asilimia 30 ya ujazo ikiwa nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, kanuni ya mchanganyo hutupa gigapaskali 22 na ushei. Nyuzi hizo hizo zikitawanyika kila upande juu ya bapa, hesabu ya Krenchel ya mwaka 1964 hutuagiza tuhesabu tatu ya nane tu ya mchango wake, nayo hushuka hadi 9. Zikitawanyika kila upande wa nafasi, moja ya tano, nayo hubaki 5 na kitu. Na bado hatujaondoa hasara ya ufupi. Taarifa inayotaja asilimia ya nyuzi bila kutaja mwelekeo wake, basi, haijasema neno.

Nyuzi za kaboni zilikuja kuongeza mvuto na gharama. Akio Shindo wa Osaka alizitengeneza kutokana na nyuzi za akriliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watafiti wa Farnborough, Uingereza, wakaziboresha katikati ya miaka hiyo. Uzi wa kawaida wa kaboni una ukakamavu wa gigapaskali 230 hivi, mara tatu ya kioo, na ni mwepesi kuliko kioo. Lakini hukatika ukinyumbuka asilimia 1.5 hivi, ilhali kioo huvumilia hadi zaidi ya asilimia 4. Bei yake ilikuwa juu sana. Wahandisi wakafanya alilolifanya mpishi tangu zamani: wakatia kiasi cha kitu cha thamani katika kingi cha rahisi.

Mchanganyo huo waitweje? Wapo wanaouita "chotara", kwa kufuata mahindi chotara. Hatuafiki. Chotara ni mzao. Wazazi wake hawamo tena ndani yake ukaweza kuwatenga. Katika plastiki hizi uzi wa kaboni hubaki kaboni na wa kioo hubaki kioo, na mtu akiichoma plastiki ataweza kuzihesabu. "Aloi" ni ya metali zilizoyeyuka pamoja. "Mchanganyiko" ni neno pana mno, kwa kuwa hata nyuzi za aina moja zikitiwa katika plastiki ni mchanganyiko. Lugha yetu inalo neno "mseto", ambalo jikoni ni wali na choroko zilizopikwa chungu kimoja, kila punje ikionekana ilivyo, na ladha ikiwa si ya wali wala si ya choroko. Kilimo mseto na serikali ya mseto vimekwisha kulizoesha neno hili katika ofisi. Tunasema, basi, mseto wa nyuzi.

Ladha hiyo isiyo ya huyu wala ya yule ndiyo iliyozua mjadala. Mwaka 1972 Hayashi wa Japani alitoa habari kwamba tabaka za kaboni zilizowekwa pamoja na za kioo zilikatika kwa mnyumbuko mkubwa kuliko zilivyokatika peke yake. Sehemu ya sababu ni joto: vitu hivi huiva vikiwa vya moto, na vinapopoa kioo husinyaa kuliko kaboni, kikaibana kaboni kabla haijavutwa. Lakini hilo ni dogo. Sababu kubwa zaidi ni kwamba uzi mmoja wa kaboni ukikatika, jirani zake wa kioo huupokea mzigo bila kukatika nao, na ufa hukosa njia ya kuenea.

Mwaka 1978 Marom na wenzake walilitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Wao walilinganisha mseto na kanuni ya mchanganyo, wakaeleza ni katika hali gani kipimo halisi huizidi kanuni na katika hali gani hupungua. Tangu hapo maandishi ya fani hii yametumia jina moja kwa mambo mawili: kwa wengine ni kuongezeka kwa mnyumbuko ambao nyuzi kakamavu hukatikia, kwa wengine ni tofauti yoyote, ya juu au ya chini, na kanuni ya mchanganyo. Tumeona rasimu za tafsiri zinazosema "athari ya mseto". Kwa wasomaji wengi "athari" ni madhara, nao watadhani nyuzi zimegombana. "Tokeo la mseto" linafaa zaidi, kwa kuwa halielemei upande wowote. Lakini jina zuri haliondoi wajibu wa kueleza: mfasiri asilipite bila kuonyesha ni lipi kati ya mawili hayo, na kwa sifa ipi. Kwa ukakamavu kanuni ya mchanganyo hufuatwa kwa karibu, na tokeo huwa dogo. Kwa nguvu na ushupavu ndiko kwenye mabishano.

Katika nyuzi fupi mabishano huzidi, kwa sababu mashine haizitendei nyuzi zote sawa. Kaboni ni nyepesi kuvunjika kuliko kioo, na nyuzi zikizidi ndani ya parafujo hugongana na kuvunjana. Fu na Lauke, pamoja na wenzao, walipima jambo hili katika polipropilini na kulichapisha mwaka 2000: kadiri nyuzi zilivyoongezwa ndivyo urefu wake wa wastani ulivyopungua. Kwa hiyo anayelinganisha mseto na plastiki yenye kioo pekee huenda analinganisha pia nyuzi ndefu na nyuzi fupi bila kujua, na "tokeo" analolisifu au kulilaumu likawa ni la urefu tu.

Kwa Tanzania jambo hili lina uchungu wake. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, nyingi zikiwa za kamba za kufungia mazao huko Ulaya na Marekani. Polipropilini, ile ile tuliyoihesabu hapo juu, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1957, ikasokotwa kamba, na kamba hizo zikaichukua sehemu kubwa ya soko la katani. Katika miaka ya 1990 ilikuwapo miaka ambayo mavuno hayakufika tani 40,000. Sasa katani inaalikwa kuingia ndani ya mwili wa hasimu wake. Ni nyepesi kuliko kioo, haiparuzi mashine, nayo humea tena. Ila huanza kuungua joto likizidi nyuzi 200 za Selsiasi (nyuzi za namna nyingine hizo, na mwalimu awaonye wanafunzi), kwa hiyo hufaa tu kwa plastiki zinazoyeyuka chini ya hapo. Tena hunywa maji.

Ni huko Kerala, India, katika miaka ya 1990, ambako Kalaprasad, Joseph na Thomas walitia katani fupi na kioo kifupi pamoja katika polithini. Waliona kwamba kioo kidogo kilichoongezwa kilipandisha nguvu na ukakamavu, na kikapunguza unywaji wa maji. Kwa nchi yenye mkonge hilo ni jambo la kufasiriwa kwa uangalifu, maana mtu akisoma kwamba katani "iliimarishwa" na kioo, atadhani ushupavu nao ulipanda kwa kiasi kile kile. Nao hupimwa mbali, kwa nyundo ya pendeli kwa njia za Charpy na Izod zilizobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, wala hautabiriwi na nguvu ya kuvutwa. Na maji yenyewe hubadili vipimo: katani iliyolowa huvimba, mshikamano wake na plastiki hulegea, ukakamavu hushuka. Taarifa ya plastiki yenye katani isiyosema kama vipande vilipimwa vikiwa vikavu au baada ya kulowekwa, na kwa siku ngapi, mfasiri airudishe kwa aliyeiandika kabla ya kuanza sentensi ya kwanza.